Mzee Myahudi na Sura ya Mtumishi

Nilipoacha kufunga maboksi katika ghala moja la Jeffersontown, nilipata kazi ya kumhudumia mzee wa Kiyahudi hapa Louisville. Alikuwa amefundisha Kiebrania maisha yake yote, amefiwa na mke, na miguu yake imeishiwa nguvu. Asubuhi nilimwogesha, nikampikia uji, kisha nikamwekea miwani na Biblia yake mezani. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akisoma Maandiko huku anacheka peke yake na kugonga meza, kama anayebishana na jirani yake.

Kaka yangu mkubwa ni mwinjilisti huko Buffalo, katika kanisa la watu wetu waliofukuzwa kwao katika milima ya Kivu Kusini. Nilipomweleza habari za mzee, aliniambia Mungu hakunipa kazi ile bure. Kila Jumapili alinipigia simu kuuliza kama nimeshamsomea ile sura ya nabii inayomsimulia mtumishi aliyedharauliwa na kuteswa kwa makosa ya wengine. Kwetu sisi sura hiyo ni Yesu moja kwa moja. Kaka aliamini kwamba Myahudi akisomewa vizuri mara moja tu, ataona. Mimi niliona aibu. Mtu ninayemvalisha soksi, nimwambie hajui kusoma manabii wake?

Kiangazi kilipofika, kaka akaja mwenyewe. Mzee aliposikia kuna mgeni anayependa manabii, alisema aletwe, akaniomba nimvalishe shati jeupe. Tukaketi mezani, mimi nikiwa mkalimani. Kaka aliisoma sura yote kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya mimbarini, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho bila kuelewa neno. Kisha akasema tangu ujana wake wamisionari wamekuwa wakimletea sura hiyo mlangoni, lakini hakuna aliyewahi kumsomea kwa sauti nzuri namna ile. Alimwomba kaka jambo moja tu: arudi nyuma sura kumi na mbili, asome mahali mtumishi anapoitwa kwa jina.

Kaka akafunua, akasoma. Jina lilikuwa Israeli. Mzee akamwonyesha mahali pengine, na pengine tena. Jina lilikuwa lile lile.

"Bon, sawa," kaka akasema, "lakini anayeteswa hapa ni mtu mmoja. Taifa zima litaitwaje mtu mmoja?"

Mzee akanigeukia mimi. "Kule kwenu, waliowachukia walisemaje?"

"Walisema, huyu si wa hapa, arudi alikotoka."

"Wewe peke yako?"

"Hapana, mzee. Sisi wote."

Nilimtafsiria kaka maneno hayo. Mzee akaeleza polepole kwamba babu zake waliisoma sura ile huku majirani wakivunja milango yao, na hawakuhitaji mtu wa kuwaambia aliyedharauliwa ni nani.

Kaka hakati tamaa upesi. Alisema kuna mahali mtumishi huyo anatumwa kuirudisha Israeli kwa Mungu, sasa Israeli itajirudishaje yenyewe? Uso wa mzee uling'aa. Alisema hilo ni swali zuri, na wanazuoni wa Kiyahudi wamelihangaikia kwa karne nyingi. Wengine wanajibu kwamba waaminifu wachache ndani ya taifa ndio wanaowarudisha wenzao. Kaka akahamia kwa bikira atakayezaa mtoto. Mzee akasema neno la Kiebrania pale maana yake ni mwanamke kijana, na ishara ile alipewa mfalme aliyekuwa anatetemeka kwa hofu ya wafalme wawili waliokuja kumpiga. Ishara ya baada ya mamia ya miaka ingemtuliza vipi mtu yule?

Waliendelea hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa. Tulipoinuka, mzee aliushika mkono wa kaka.

"Sikuombi uache kumpenda Yesu," alisema. "Nakuomba tu usiwaambie watu kwamba sisi hatukusoma."

Kaka bado ni mwinjilisti, na bado anamwona Yesu katika sura ile. Lakini mara ya kwanza alipoihubiri baada ya safari hiyo, alianzia sura kumi na mbili nyuma, akawaeleza waumini jinsi Wayahudi wanavyosoma na kwamba wana sababu zao. Baadhi ya wazee wa kanisa walinung'unika. Hakubadilisha kitu.

Baadaye mzee alihamia Columbus kwa binti yake, karibu na chuo kikuu. Nilipokwenda kumwamkia, nilimkuta ameandika karatasi mbili kwa mkono. Ilikuwa mistari ya manabii ambayo usomaji wake wa Kiyahudi unapata taabu kuieleza. Alinituma nimpelekee kaka.

"Asije akakosa hoja," akasema.