Chini ya Kiti cha Dereva

Tik. Tik-tik. Tik. Mlio huo niliusikia nikiwa bado njiani, nikitoka kununua maji, nikadhani ni mtu anayegonga sufuria kwa ukucha. Nilipozunguka ukuta wa mabati niliona gari jeupe limefunguliwa boneti, na baba amesimama kando yake, mikono mgongoni, kama mtu aliyefika msibani.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Banda lake la Kitengela, upande wa Noonkopir, alilitumia pamoja na rafiki yake Mmaasai, fundi wa umeme wa magari. Walikuwa pamoja tangu nikiwa darasa la pili, na mwaka huo, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kila asubuhi baba alimsalimu kwa Kimaasai, "Sopa", kwa ulimi wake wa Ukambani, akaitikiwa "Epa", kisha akamuuliza ng'ombe wamebaki na nani wakati yeye anachunga nyaya.

Walikuwa na desturi moja. Gari likija kuchomelewa, rafiki alitoa kwanza waya wa betri, akapapasa kuona kama kuna nyaya karibu, kisha akasema, "Choma." Baba hakuwasha mashine kabla ya neno hilo. Magari ya siku hizi, rafiki alimweleza, yana kompyuta kadhaa zinazozungumza kupitia nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ukiziunguza, gari zima linakuwa bubu.

Siku iliyotangulia rafiki alikuwa Kajiado, amempeleka mama yake hospitali. Mwenye gari, karani kutoka Busia aliyepanga nyumba karibu nasi, alikuwa na haraka, na chuma cha kiti cha dereva kilikuwa kimekatika. Baba alichoma bila kungoja, wala hakutoa waya wa betri. Asubuhi gari likarudi likivutwa kwa kamba. Taa zote za dashibodi zilikuwa zinawaka, mshale wa mwendo unarukaruka, na injini haitoi kitu ila ule mlio.

Baba alijua. Nami nilijua kwamba anajua, kwa sababu rafiki alipofika, baba hakumtania kuhusu ng'ombe. Gari halikunitia hofu; baba ndiye aliyenitia. Baba angevumilia kuchekwa na Kitengela nzima, lakini si kuonekana mzembe machoni pa mtu huyo mmoja.

Rafiki alianza kazi mara moja. Alitoa waya wa betri, akagusisha ncha za mita kwenye soketi iliyo chini ya usukani, mahali zile nyaya mbili zinapofikia. Inatakiwa isome sitini, aliniambia. Ilisoma sifuri, maana yake zimegusana mahali. Akachomoa kompyuta moja, akapima, akachomoa nyingine. Kama moja ingekuwa mbovu, namba ingepanda ikitolewa. Haikupanda. Basi ubovu uko kwenye nyaya zenyewe.

Alifungua kiti, akainua zulia polepole. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, nyaya zimegandana kama sukari guru, vidole vinne tu kutoka kwenye mshono mpya wa baba.

Aliutazama mshono ule kwa muda. Kisha akakata palipoungua, akaunga nyaya nyingine, akazisokota kama zilivyokuwa. Mita ikasoma sitini. Injini ikawaka, na taa zikazimika moja moja.

Mwenye gari alikuja baada ya chakula cha mchana, akafurahi sana. Akatueleza kuhusu panya wa ploti yao, jinsi walivyomaliza sabuni wakaanza jalada la Biblia.

"Ni hao panya wamekula nyaya, sivyo, fundi?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Baba alikuwa anasugua kutu kwenye bomba lisilo na kutu.

"Si panya," rafiki alisema. "Tuliunguza sisi, tukichomelea kiti. Utusamehe."

Mwenye gari akasema si neno, mradi linatembea. Alipoondoka alimpa mkono rafiki peke yake.

"Wewe ulikuwa Kajiado," baba alisema.

"Najua nilikuwa wapi."

"Ungesema tu ni mimi. Ama ungemwachia panya wake. Hii 'sisi' umenipea, niiweke wapi?"

"Banda ni letu."

"Na kesho nitakuangalia na macho gani?"

Rafiki alianza kukunja nyaya za mita. Nilitamani aseme jambo la utani, lolote, hata la kumtukana. Nilikuwa na umri wa kutosha kulisema mwenyewe, na sikulisema.

Baba alichukua kofia yake ya kuchomelea na pakiti ya vijiti. Mashine aliiacha, kwa sababu ilihitaji watu wawili kuibeba. Mlango wa mabati ulikuwa umelegea bawaba ya chini, ukiburuta mawe. Alitoka, akauinua kidogo kwa mkono mmoja ili usipige kelele, akaufunga.