Mvuke Jikoni, Baba Mkwe Mlangoni

Uji wa wimbi huungua haraka. Nilishachoka kukwangua sufuria kila nikitengeneza pombe yetu ya nyumbani, ndipo nikaona kwenye simu watu wakiipasha kwa mvuke: unachemsha maji kwenye sufuria ya presha, unachomeka mpira kwenye tundu lake la juu, ncha ya pili unaizamisha kwenye ndoo ya kimea cha wimbi. Hakuna kuungua. Kizibo cha usalama cha sufuria yangu, kile cha kutoa mvuke ukizidi, kilikuwa kikivuja, kikanikera, nikakikaza kwa skrubu. Najua. Usiniseme.

Tunaishi nje kidogo ya Ogembo, kwenye boma la baba mkwe. Yeye ni Msabato, tena mzee wa kanisa, pombe hataki hata kuisikia. Lakini sikuwa na wasiwasi, maana kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Huita akiwa uani, nami hutoka. Miaka sita hakuwahi kukanyaga kizingiti changu.

Jumapili hiyo mume wangu alikuwa Kisii mjini. Mtoto alilala chumbani, na chumba hicho kina mlango mmoja tu, unaofungukia jikoni, kando ya jiko la gesi. Nilizima gesi nikapokee simu, niliporudi nikawasha tena. Sikujua kwamba sufuria ikipoa huvuta, na kwamba uji wa kimea ulikuwa umepanda ndani ya mpira ukauziba.

Ndoo ikawa kimya, haitoi povu. Mpira ukaanza kuvimba, mfuniko ukatetemeka, na kile kizibo nilichokikaza kwa mkono wangu hakikupitisha hata pumzi. Nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, nikajikuta uani. Mwanangu ndani, mimi nje. Miguu ilikataa kabisa. Wacha niseme ukweli: dakika ile niliogopea uso wangu, na aibu hiyo haijaniisha.

Baba mkwe ndio kwanza anafika, mkungu wa ndizi begani.

"Baba, sufuria itapasuka," nikasema. "Mtoto yumo."

"Gesi inazimwa wapi?"

"Kwenye mtungi, chini ya meza."

Akatua mkungu, akavua kofia kama anayeingia kanisani, akaingia. Alitoka gesi ameshaizima, amemkumbatia mtoto aliyekuwa bado amelala. Hatujafika kwenye migomba, mpira ukachomoka. Mlio ule ulinikalisha chini.

Mvuke ulipoisha nilichungulia. Uji wa wimbi ulikuwa umeruka mpaka chumbani, na mto wa mtoto ulikuwa umelowa, bado wa moto. Nililia kwa sauti.

Mzee alikaa kwenye kigoda. Harufu ya kimea ilikuwa imejaa uani. Nikangoja anigombeze. Akanipa mtoto, akavaa kofia.

"Mama," akasema polepole, "mimi sikuingia humo. Na wewe ulikuwa unapika uji."

Kesho yake aliniita akiwa mbali na mlango kuliko zamani.