Mafuta Yaliyonywewa Njiani

Nakumbuka asubuhi moja pale Ruiru, mwanangu, mume wangu Kamau akipakia mapipa ya petroli na mimi nimekasirika. Ilikuwa wakati ule wa hali ya hatari, zama za ukoloni. Lori letu lilikuwa moja tu, tumelinunua kwa kuuza mbuzi na ng'ombe wa mahari ya dada zake, na ile kazi ya kupelekea jeshi mafuta, mbali huko mbele ya Gatuanyaga, ilikuwa inatutia hasara. Kamau alishaanza kutafuta wa kumuuzia.

Petroli tulinunua wenyewe, jeshi likatulipa kwa ile iliyofika kambini tu. Sasa sikiliza vituko. Lori lilikunywa petroli hiyo hiyo likienda, likanywa likirudi na mapipa matupu, maana waliotuuzia walitaka mapipa yao. Na magari ya askari waliotulinda yalijaziwa mafuta kutoka mapipa yetu kila tuliposimama. Kwao hayo yalikuwa mafuta ya jeshi, basi nani ahesabu? Kamau aliogopa kusema, na simlaumu. Siku hizo mtu alitiwa kizuizini kwa neno dogo.

Mimi nilikuwa na ulimi. Nilimwendea afisa wao, Mzungu kijana, nikamwomba kwa heshima apande lori letu na apime mapipa mwenyewe kwa kijiti, Ruiru na kambini. Kamau akanikanyaga mguu. Afisa akacheka, akapanda.

Kambini, pipa la mwisho lilikuwa karibu kavu. Aliwatazama askari wake, kisha akanigeukia.

"Mama, bei ya mafuta hii kweli ni ngapi?"

"Ni bei ya hayo uliyopokea, bwana, na ya yale yaliyoyaleta hapa, na ya yale yatakayoturudisha nyumbani."

Akaandika vipimo vyote viwili kwenye daftari lake. Tangu siku ile tulilipwa kwa mafuta yaliyopakiwa Ruiru, si yaliyofika tu. Nilitembea Ruiru nzima kichwa juu, nikifurahi waziwazi! Lori halikuuzwa. Baadaye tulinunua la pili.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kazi usitazame bei ya mzigo peke yake. Uliza safari yenyewe itakula nini, kwenda na kurudi, na nani anakula humo bila kuhesabiwa. Ukishajua, sema, hata kama sauti inatetemeka. Mungu akupe kifua cha kusema, akupe na wa kukusikiliza, na jasho lako likufikie wewe na watoto wako.