Saa ya Gari la Mzee Mutiso

Ipo siku moja ya soko pale mjini Wote, mwanangu, miaka ya themanini mwanzoni, ambayo siisahau. Mzee Mutiso aliiweka saa ya gari lake juu ya meza yangu, akatangaza mbele ya akina mama wanaouza ndengu kwamba nimeiua.

"Imekaa kwa gari miaka mingi ikitembea polepole," alisema. "Wewe umeishika, sasa imekufa kabisa. Nilikuambia uisafishe, sikukuambia uimalize!"

Nilikuwa msichana anayetengeneza saa, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu huko Machakos, na wengi walikuwa bado wananitazama kwa shaka. Kabla soko halijavunjika, watu walianza kuja kuchukua saa zao za mkono, hata zile ambazo sijazifungua. Sikuwalaumu. Ukisikia fundi ameharibu saa ya mzee wa kanisa, nawe yako utaiacha hapo? Niliona kibanda changu kinafungwa na mama ananirudisha shambani kupalilia mbaazi. Nililia, sifichi.

Ngoja kwanza nikueleze habari ya saa zile, maana ninyi mnaofufua magari ya kale siku hizi mna haraka ya kuzing'oa na kutia za kisasa, na mimi roho huniuma. Saa ya gari la zamani hujijaza yenyewe. Ndani kuna springi ndogo. Ikilegea, vipande viwili vya chuma hugusana, umeme wa betri ya gari hupita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, koili huirusha springi ikajaa, kisha vile vipande huachana. Ukikaa ndani ya gari lililozimwa utasikia, tak, halafu kimya, baadaye tak tena. Lakini betri ikiwa imechoka, koili hukosa nguvu ya kuirusha springi. Vipande hubaki vimegusana, umeme haukatiki, na koili huungua polepole kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Nilipoifungua saa ya mzee, koili ilikuwa nyeusi. Mara ya kwanza aliponiletea nilikuwa nimeiosha vumbi na mafuta yaliyoganda, nikatia tone la mafuta mepesi, ikatembea vizuri mezani kwangu. Kwa hiyo nilijua betri ndiyo mbaya, ila ningemwambiaje? Lile gari alilitunza kuliko suti yake ya Jumapili. Niliamua kwenda kwake nikaone kwa macho yangu.

Nilifika jua likielekea kuzama. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba, boneti wazi, na mahali pa betri patupu. Nikamuuliza mkewe, "Mwaitu, mama yangu, betri iko wapi?"

"Si iko ndani," akanijibu bila wasiwasi. "Inaonyesha watu TV."

Nilipochungulia sebuleni nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Majirani walikuwa wamejazana hadi mlangoni, watoto wamekaa sakafuni, na katikati yao betri ya gari imeunganishwa na televisheni. Ndivyo ilivyokuwa kila jioni tangu mzee aliponunua TV, siku chache baada ya kuichukua saa kwangu. Asubuhi betri ilirudishwa garini imechoka, na vijana wakasukuma gari mpaka likawaka. Saa haikusukumwa na mtu, iliachwa ipambane na umeme usiotosha.

Nilimwita mzee nje, nikamweleza taratibu. Alipatazama pale patupu pa betri. Nilidhani atanifukuza.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Ni betri, mzee."

"Betri haina miguu, mwiitu wakwa, binti yangu. Mimi ndiye nimekuwa nikiibeba."

Akanirudishia saa ile ile. Hebu fikiria, mwanangu: saa ambayo koili yake haiuzwi popote, akaitia tena mikononi mwa msichana ambaye yeye mwenyewe alimtangaza vibaya sokoni. Niliisuka koili upya kwa waya mwembamba kuliko unywele, waya ukakatika nikaanza tena, ukakatika nikaanza tena. Kisha niliweka swichi ndogo chini ya dashibodi, nikamwonya asiiwashe saa kabla betri haijapata chaji ya kutosha. TV haikuguswa, majirani wangetuombea mabaya. Saa ikatembea.

Ningeridhika na hilo. Lakini Jumapili, wakati wa matangazo, Mzee Mutiso alisimama mbele ya kanisa zima, wakwe zake wakiwemo.

"Siku ya soko nilisema Mwikali huyu hapa ameua saa yangu," alisema. "Haikuwa kweli. Saa iliuawa na mimi na TV yangu. Mliziondoa saa zenu kwake kwa sababu ya mdomo wangu. Zirudisheni."

Watu walicheka, naye akacheka nao. Mimi niliinamia viatu vyangu machozi yakinitoka. Angeweza kuniomba radhi chini chini pale kibandani, na ningemshukuru hivyo hivyo. Siku ya soko iliyofuata meza yangu ilijaa, na kwa kibanda kile nimesomesha watoto wangu. Mpaka leo nikiomba, namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee yule.

Basi, mwanangu, nisikilize. Ukiletewa kitu cha kale, usikimbilie kukitupa, wala usikitengeneze mezani tu. Nenda uone kinaishi vipi na kinakula umeme gani. Ukilaumiwa kwa jambo usilolifanya, futa machozi ukatafute ukweli kwa adabu. Na ukigundua kwamba umemlaumu mtu bure, msafishe mahali pale pale watu wanapokusikia, kwa sauti ile ile.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe mtu wa kusimama na kusema hukukosea, na zamu yako ya kusimama ikifika, akupe miguu.