Sufuria Irudi Jikoni

Mama yangu alifia Mbeya akiwa na umri ambao mimi naukaribia sasa. Asubuhi alilalamika kichwa, mchana mdomo ukapinda upande mmoja, na jua halijazama hospitali wakatuambia tulete khanga za kumfunika. Ilikuwa presha. Mama alikuwa mnene, na maisha yake yote alisifiwa kwa unene huo. Hata msibani, watu wakila ndizi zilizopikwa na nyama, walisikika wakisema, jamani, na afya yake yote ile. Nilikaa kwenye mkeka nikiwasikiliza, na hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini. Nimeolewa na mtu wa Mufindi anayefanya kazi ya mbao Mafinga na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mwili niliurithi kwa mama, na miaka miwili baada ya kumzika nilikuwa nimeshatoa mishono ya nguo zangu zote mpaka hakuna kitambaa kilichobaki cha kutoa. Daktari alinipima, akanitazama, akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nilipomjibu akasema basi mimi niko kwenye barabara ileile, na gari langu linakwenda kasi.

Magoti nayo yalikuwa yamegoma. Katika ukoo nilioolewa, mke humsalimia mama mkwe akiwa amepiga magoti, akisema kamwene, ndiyo salamu ya kwao, na haondoki chini mpaka aitikiwe. Mama mkwe wangu anaishi Igowole, na kila alipokuja nilikuwa namsalimia nimeinama nusu, mkono mmoja ukutani. Alimwambia mwanawe kwamba mke wake siku hizi anasalimia kama askari wa barabarani anayechungulia dereva. Mume wangu aliponiletea habari hiyo alicheka. Mimi sikucheka, maana ilikuwa kweli.

Ndipo nikajiunga na kikundi cha kina mama wa kupunguza unene. Tulikuwa tunakutana Jumamosi kwenye chekechea ya kanisa, tumekaa kwenye viti vya watoto. Viti viwili vilipovunjika, mwalimu alituomba kwa adabu kubwa tutafute mahali pengine, tukaanza kukutana majumbani kwa zamu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamke wa kwetu huwezi kumwambia watu wanakuja kwake kisha akakaa bila kubandika kitu jikoni. Zamu ya kwanza tulikunywa chai ya maziwa na maandazi madogo, tukaambiwa ni madogo kwa sababu ya mada. Zamu ya pili zikaja chapati. Mwenye zamu ya tatu hakutaka kuonekana mnyonge, akapika pilau. Tulizungumza juu ya hatari ya mafuta huku mafuta yakitutiririka mpaka kwenye viwiko, na mwenyeji akipita nyuma yetu na kijiko kikubwa akisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kabla ya kula tulipimwa. Mwenyekiti wetu alikuwa nesi mstaafu, na mizani yake ya kioo ilikuwa inaishia pale wengi wetu tunapoanzia, kwa hiyo tuliazima mizani ya magunia kwa mfanyabiashara wa mahindi. Ukipanda, mwenyekiti anasoma kilo zako kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia wagonjwa dirishani. Aliyepungua anapigiwa makofi. Aliyeongezeka anaombewa.

Siku yangu ya kuombewa ilifika upesi. Mwenyekiti alisoma kilo zangu, akatuomba tuinamishe vichwa kwa ajili ya dada yetu. Nilitazama vile vichwa vilivyoinama, nikawaona wale wa msibani kwa mama, midomo ileile. Nikashuka kwenye mizani.

"Kilo zangu si tangazo la kifo," nikasema. "Nimekuja kupungua, sijaja kuzikwa."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Mwenyeji alinikimbilia mpaka getini na chapati mbili kwenye mfuko, eti nisiondoke mikono mitupu. Nikazipokea. Hasira ilikuwa yangu, chapati hazikuwa na kosa.

Niliamua nitapungua peke yangu, nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Nilidhani nyumba yangu ni yangu. Asubuhi nilikunywa chai bila sukari nikajiona shujaa. Mchana nilikula mchicha na kipande cha ugali kisichojaza kiganja. Kisha jioni, watoto wameshakula, nasimama kuosha vyombo na kukuta ukoko wa wali umeshika chini ya sufuria, wa rangi ya kahawia, una chumvi kidogo. Nilikuwa naukwangua kwa kijiko na kuula nimesimama. Chakula cha kusimama nilikuwa sikihesabu. Hakuna aliyeniona, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe: nilikuwa hakimu na mshitakiwa, na kila jioni nilijiachia huru. Mwisho wa mwezi sketi yangu ilikataa kufunga kifungo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi wa nguo ndiye niliyechelewa kuelewa.

Wakati huohuo habari zilikuwa zinasafiri. Jirani alikuwa ameona sahani yangu ya mchana. Akamwambia mwenzake kwamba nimeacha kula, na mwenzake ana dada Mafinga, na huko Mafinga wenzake wa mume wangu wakamuuliza kwa upole kama biashara ya mbao imekuwa ngumu kiasi cha mke kushindia majani. Haikupita muda mama mkwe akashuka stendi na jogoo, maharage na maboga mawili, akaingia moja kwa moja jikoni kwangu, akavua viatu.

Alipika ugali wa kutosha watu wa kulima. Akaniwekea fungu langu mwenyewe, na nyama juu, akakaa kunitazama. Nilikula kidogo, nikaisogeza sahani, nikamshukuru. Akaitazama ile sahani kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Chakula hiki nimepika kwa mkono wangu," akasema. "Unafikiri nimeweka kitu?"

Yeyote aliyeolewa kwetu anajua uzito wa swali hilo. Ukikataa chakula cha mama mkwe hujakataa chakula, umemwita mchawi. Watoto walikuwa wanasikiliza, kwa hiyo nilimjibu kwa sauti ya chini.

"Sijafikiri hivyo, mama. Mama yangu mzazi alikufa ameshiba. Mimi sitaki kumfuata."

"Mama yako siku yake ilifika. Kula, mwanangu. Watu wanasema mume wako hakulishi."

Nilikula. Nililimaliza lile fungu lote, machozi yakinilenga, si kwa huzuni, ni kwa ghadhabu. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, nina kazi yangu, nina wateja wanaonisubiri mlangoni, na sikuweza kuwa na neno la mwisho juu ya tonge linaloingia kinywani mwangu. Siku zote alizokaa nilikula hivyohivyo. Alipoondoka alinishika shavu akasema sasa nimeanza kurudi.

Kwa hiyo wanaouliza ipi ni bora, kikundini au peke yako nyumbani, mimi nawaambia kwetu hakuna peke yako. Kuna kikundi ulichokichagua na kikundi ambacho hukukichagua. Cha jikoni kwangu nisingeweza kukihama. Kile cha Jumamosi, angalau, ningeweza kugombana nacho.

Nilirudi na masharti. Nilisimama kabla ya mwenyekiti hajafungua kikao, nikasema mtu asome kilo zake kwa macho yake mwenyewe, akitaka kuzitaja azitaje, na asiombewe mtu ambaye hajaomba. Tena tusikae tu kuzungumza, tutembee. Na hii karamu ya baada ya kikao ife. Mwenyekiti alisema sikuwahi kusomea uuguzi. Nikamjibu sijasomea, ila nimewapima viuno wote waliomo humu ndani kwa futi yangu ya kushonea na hakuna aliyewahi kusikia namba ya mwenzake ikitoka kinywani mwangu. Hapo kina mama walicheka, na masharti ya mizani, maombi na kutembea yakapita. La karamu liligonga mwamba. Nilinyoosha mkono peke yangu. Wakasema watu hawawezi kuagana midomo mikavu, huo ni ukatili.

Basi tukatembea. Jumamosi alfajiri tulianzia Ipogolo, chini kabisa, tukapanda mlima mpaka mjini, malori ya mbao yakitupita kwa kunguruma na madereva wakitupigia honi za dhihaka. Siku ya kwanza nilikaa chini mara kadhaa kwenye kingo za barabara. Kuna mwenzetu mmoja, muuza mitumba, alikuwa anakaa nami kila ninapokaa, hasemi lolote la kunitia moyo, anakula upepo tu mpaka nitakapoinuka. Huyo alinifaa kuliko mahubiri yote. Kwenye karamu nilikunywa maji, nikanuniwa, nikazoea kununiwa. Na jioni, ukoko nilianza kuumwagia maji mara tu sufuria inapotoka mezani. Nilikuwa najua kwamba Jumamosi nitaupanda ule mlima na tumbo langu litanidai mbele ya mashahidi.

Miezi ikapita. Daktari alinipima presha, akarudia kupima, akaandika bila kusema neno kuhusu gari. Nyumbani nilianza kuingiza mishono ndani badala ya kuitoa nje.

Kisha zamu ya kuwa mwenyeji ikanifikia, na mama mkwe akawa yupo. Alikuja kutibiwa macho, na safari hii pia alileta jogoo. Asubuhi aliniuliza nawapikia nini wageni. Nikamwambia nimeweka maji ya moto na ndimu. Akangoja niendelee. Kisha akasema mkono mtupu haulambwi, na nyumba hii ina jina la mwanawe mlangoni. Nikamwambia najua, nikaenda kupanga viti. Nilipaswa kutilia shaka ule ukimya wake wa baadaye, na harufu ya kitunguu iliyoanza kuja sebuleni katikati ya kikao.

Tulikuwa tumemaliza mazungumzo. Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya ndimu, na nyuso za wenzangu zilikuwa zinatafuta kwa siri mahali sahani zilipofichwa. Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama mkwe akatoka na sufuria kubwa, ameishika kwa vitambaa viwili, mvuke ukipanda, wali na kuku mzima juu yake. Sebule yote ikapumua. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kukunja mikono ya gauni na kuomba maji ya kunawa.

Nilielewa kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa nimenyamaza daima. Kila mwenye zamu baada yangu atapika, kwa sababu hata kwangu mimi mkorofi kulipikwa. Na mimi nitakula, kwa kuwa ni mkono wa mama mkwe, na mbele za watu. Nikamwona mama yangu akipokea sahani baada ya sahani maisha yake yote kwa sababu hiyohiyo, kwamba aliyeipika anatazama.

Lakini mama mkwe huwezi kumkatalia umesimama. Niliweka jagi mezani. Nikapiga magoti katikati ya sebule, yote mawili, mikono mapajani, hakuna ukuta karibu wala kiti.

"Mama," nikasema, "naomba sufuria irudi jikoni."

Mwenyekiti alibaki na mikono hewani.

"Wageni wa mwanangu watoke na njaa?" akauliza mama mkwe.

"Watoke hivyohivyo. Hii ni zamu yangu."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema walinyimwa. Waseme. Kwa mama yangu walisema ana afya mpaka tukamfukia."

Alikuwa amefungua mdomo kunijibu, kisha macho yake yakashuka, yakakaa kwenye magoti yangu. Alitazama sakafu kuyazunguka, kulia na kushoto, akitafuta nilichokishikilia.

"Umepiga magoti," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Bila ukuta."

"Bila ukuta."

Mvuke ulikuwa unampiga usoni na macho yake mabovu yalikuwa yanatoa machozi, sijui ya nini, na sikumuuliza. Aligeuka na sufuria yake. Tulisikia akiiweka jikoni, na mfuniko ukifuata juu yake.

Mwanamke mmoja aliondoka siku ile na hakurudi tena kikundini. Habari za nyumba yenye mkono wa birika zilifika Mafinga kabla ya mume wangu kufika kwangu, na mpaka leo kuna watu wananisalimia kwa kunicheka. Waliobaki sebuleni walikunywa maji ya ndimu na kukunja uso, na tangu hapo karamu haijarudi.

Mimi nilibaki pale chini muda mrefu kidogo baada ya ule mfuniko kutulia. Muuza mitumba alininyooshea mkono anisaidie, nikamtikisia kichwa. Nilitaka waniangalie wote, mwenyekiti akiwa mbele kabisa. Kisha nikainuka mwenyewe.