Pampasi ya Bibi

Kile kituo cha wazee cha Kongowe nakichukia mpaka geti lake. Zamani kilikuwa cha umma, kisha akapewa mwekezaji, akakipaka rangi mpya na kufunga televisheni kubwa ukumbini. Baba alimpeleka huko Bibi, mama yake mzazi, baada ya kuanguka uani kwetu Kisarawe na kuumia nyonga. Baba na Mama wanashinda dukani, mimi niko shule. Majirani waliambiwa Bibi yuko Kibaha kwa matibabu. Uongo ule nao niliuchukia.

Tulipokwenda kumtazama, wazee walikuwa wamepangwa mbele ya televisheni, wamepakwa mafuta wanang'aa. Meneja hakumzungumzia Bibi hata kidogo. "Wale waliofungua kituo hapo jirani, Pangani, wanatuibia wateja kwa bei ya chini," alimwambia Baba. "Nenda kaone vitanda vyao, ndiyo utatusifu sisi."

Walipoingia ofisini, Bibi akanivuta mkono. Ni mtani wangu, na kwa kuwa marehemu Babu alikuwa akiniita mkewe, mpaka leo Bibi ananiita mke mwenza.

"Mke mwenzangu umenenepa. Unakula na fungu langu?"

"Nakula. Si umeniachia nyumba?"

Akacheka kidogo, halafu akashusha sauti. "Wananivalisha pampasi. Nikiomba kupelekwa msalani wananiambia, jisaidie humo humo bibi, ndiyo kazi yake. Na miguu ninayo, nikishikwa natembea. Tangu niletwe hapa sijaswali. Nitaswali vipi na mkojo mwilini?"

"Kwa nini humwambii Baba?"

"Nimweleze mwanangu wa kiume habari za nguo yangu ya ndani? Wewe mtani wangu, ndiyo maana nakwambia wewe."

Mimi darasani hata jibu nikilijua sinyooshi mkono. Na kwa Baba sina utani. Lakini nilimfuata mlangoni kwa meneja, nikayasema yote huku nikiangalia viatu vyangu.

"Mzee, wasichana wa kazi ni wachache," meneja akamwambia Baba, wala hakuona haya. "Nikiongeza watu napandisha bei, na bei ikipanda mtakimbilia Pangani."

Baba akachukua begi la Bibi, tukaenda hiyo hiyo Pangani. Mhudumu alitupokea kwa tabasamu. "Shikamoo bibi, karibu sana." Bibi hajamaliza kuitikia marahaba, yule dada keshamgeukia Baba. "Pampasi anavaa saizi gani?"

Baba akanigeukia mimi.

"Havai," nikasema. "Anatembea. Anaswali."

"Mdogo wangu, hapa wanavaa wote. Ni utaratibu."

"Basi vaa wewe."

Baba alinikazia macho, nikajua nakula kofi. Hakunipiga. Alimrudisha Bibi kwenye gari, akawa anafoka njia nzima. "Nani atamshika akitaka msalani? Wewe?"

"Mimi."

"Na shule?"

Nikaushika mkono wa Bibi mpaka tukafika.

Nyumbani Bibi aliomba maji hata kabla Mama hajamsalimia. Nilimwingiza bafuni nikamvua lile dude. Mapaja yalikuwa yamechubuka, ngozi mbichi kabisa. Alitawadha ameegemea bega langu, akaswali amekaa kwenye kiti, taratibu, kana kwamba hakuna anayemsubiri. Nje, Baba na Mama waligombana nani ataliacha duka kesho.