Bamvua Si Mvua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikimsikia kijana akiitikia "ndiyo, ndiyo" kabla hajamaliza kuelezwa. Siku hiyo nusura nimzamishe mtu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilitoka hapa Meru nikapata kazi pwani, kisiwani, katika hoteli ndogo ya watalii. Kazi yangu ilikuwa kuwapangia wageni uvuvi wa kujiburudisha. Aliyetaka samaki wakubwa, sulisuli na jodari, nilimtafutia boti ya kwenda kwenye maji makuu. Mwoga wa mawimbi alikaa ufukweni na mshipi wake. Na kati ya hao wawili kulikuwa na mwamba: maji yakipwa, yakirudi nyuma, mtu anatembea kwa miguu hadi ukingoni na kutupa ndoana kule kwenye kina. Usicheke. Mimi samaki nilimjulia sokoni Gakoromone, akiwa ameshakaangwa. Lakini Kiswahili cha shule nilikuwa nacho, tena hakuna darasani aliyenishinda, na nilitembea nacho kifua mbele.

Nilikuwa na siku sita tu kazini alipokuja mgeni kutoka Embu, Mwalimu Njeru, mstaafu, pamoja na mkewe. Goti lake moja lilikuwa bovu. Alitaka kuvua samaki mmoja tu, apate cha kuwasimulia majirani zake wa Dallas, mtaa wao kule Embu. Nikamwahidi mwamba. Jioni ile nahodha wetu, Mzee Athumani, akaniambia, "Kesho bamvua, mwanangu. Mgeni wako avulie ufukweni. Mwambani usimpeleke."

Bamvua! Neno hilo sikuwa nimelikuta kitabuni. Nikajisemea kwamba watu wa pwani wana matamshi yao, mzee anasema mvua. Ningeuliza, lakini niliona haya, mimi bingwa wa Kiswahili. Nikajibu, "Ndiyo, mzee."

Asubuhi nilitazama mbingu kama mkulima yeyote wa kwetu. Hakukuwa na wingu. Bahari nayo ilikuwa imerudi mbali kuliko siku zote, mwamba wote uko wazi. Nikamchukua Mwalimu, mkewe akabaki ufukweni amemshikia viatu.

"Kijana, haya maji yote yameenda wapi?" Mwalimu aliuliza akicheka. "Ama kuna mtu amefungua koki?"

"Ni bahati yetu, Mwalimu. Na hata mvua hakuna."

Alipata samaki mmoja, changu wa ukubwa wa kiganja, akafurahi mpaka nami nikafurahi. Tukasema tungoje mwingine. Tulipogeuka, maji yalikuwa nyuma yetu, kati yetu na ufukwe, kwa maana kule ndiko yanakojaa kwanza. Tukaanza kurudi. Yalikuwa magotini, mara kiunoni, nayo yanavuta. Goti la Mwalimu likamkatalia. Nikamshika mshipi wa suruali. Kuogelea hakuna aliyejua. Sisi wa milimani tungejifunzia wapi?

"Kijana, unajua njia?" aliniuliza. Hakuwa anacheka tena.

Nikazidi kumvuta. Maji yalikuwa kifuani pake nilipoona ngalawa ya Mzee Athumani ikija. Alimvuta Mwalimu ndani kwanza, kisha mimi.

"Nilikwambia bamvua," alisema.

"Mzee, nilitazama. Haikunyesha."

Alinikodolea macho. "Bamvua ni maji makubwa, kijana. Hupwa sana, hujaa sana, tena upesi. Hukujua?"

"Sikujua."

"Na ulinijibu ndiyo."

Akashika upondo, ule mti wake wa kusukumia ngalawa, akatupeleka ufukweni. Mke wa Mwalimu tulimkuta ameingia baharini na rinda lake, maji kiunoni, viatu vya mumewe bado mkononi. Alimkumbatia kwanza. Kisha akanigeukia, na hakupaza sauti. "Kijana wangu, kwani ungesema hujui, ni nani angekucheka?"

Mwanangu, swali hilo nimelibeba miaka yote. Hadi leo nalitafutia jibu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, ila nilisikia nusu, na nusu nyingine nikajijazia mwenyewe. Hiyo ni mbaya kuliko kutosikia kabisa. Unapokwenda ugenini, hata kama vyeti vyako vinajaza bahasha, kubali kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ukiambiwa neno usilolijua, simama papo hapo useme, "Samahani, hilo sikulielewa." Utaona haya kwa dakika moja, itaisha. Mimi kwa kuikwepa nusura niende Embu na mama yule, tumekaa na jeneza katikati yetu.

Mungu akupe sikio lenye subira na ulimi usioogopa kuuliza. Akuwekee watu wema kila uendako, na wale watakaoiweka roho yao mikononi mwako, uwarudishe kwao wazima.